Jibu la mtaalamu: Mikondo ya nyota pacha inayumba. Darubini za redio zinaionaje?

Swali: *Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari moja mkoani Morogoro. Wanafunzi wangu wameona picha ya nyota iitwayo SS 433, yenye mikondo miwili ya gesi iliyojisokota. Mmoja akauliza: kama huko angani hakuna kitu, ni nini kinachoupinda mkondo namna hiyo? Nikamjibu kwamba ni kama mpira wa kumwagilia maji unaozungushwa, lakini nilikwama kwenye sehemu ya pili: darubini ya redio inawezaje kuona kuyumba kwa kitu kilicho mbali kiasi hicho? Na je, kwa kuyumba huko, mkondo unaweza siku moja kutugeukia sisi?*

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Mfano wako wa mpira wa maji ni sahihi, na jibu la mwanafunzi wako limo humo humo. Hakuna kinachoupinda mkondo. Ukiuzungusha mpira unaona maji yamejisokota hewani, lakini lifuate tone moja tu: tangu lilipotoka linakwenda kule kule lilikoelekezwa, halikati kona. Kilichojipinda ni mstari unaoyaunganisha matone yaliyotoka nyakati tofauti, kila moja na mwelekeo wake. Picha mliyoiona darasani isomeni hivyo. Karibu na katikati kuna gesi iliyorushwa siku chache zilizopita, na pembeni kuna gesi iliyorushwa miezi mingi nyuma. Picha moja inabeba historia nzima ya mahali mkondo ulipokuwa ukielekea.

SS 433 iko katika kundi la nyota la Aquila, umbali wa takriban miaka 18,000 ya nuru. Jina lake linatokana na orodha ya nyota iliyochapishwa mwaka 1977 na Stephenson na Sanduleak, ambamo hii ilikuwa namba 433. Ni nyota pacha: nyota kubwa, na mwenzake mdogo mzito ambaye yaelekea ni shimo jeusi. Wanazungukana kila baada ya siku 13.08. Nyota kubwa inammwagia mwenzake gesi kwa wingi wa kutisha, karibu sehemu moja ya elfu kumi ya masi ya Jua kila mwaka. Mdogo hawezi kuimeza yote. Gesi inajikusanya kuwa sahani inayozunguka, na sehemu yake inafyatuliwa nje kwa mikondo miwili iliyopeana mgongo.

Kuyumba kwake hakukugunduliwa kwa redio. Mwaka 1978 Bruce Margon na wenzake waliupitisha mwanga wa nyota hii kwenye spektrografu, kifaa kinachoutawanya mwanga kwa rangi zake, wakakuta mistari mahali ambapo hakuna kemikali inayojulikana inayoiweka. Tena mistari hiyo ilikuwa inahama usiku hadi usiku, mmoja ukielekea upande wa nyekundu na mwingine upande wa buluu, kisha ikabadilishana. Ilikuwa ni ile mistari ya kawaida ya haidrojeni, iliyosukumwa mbali na mahali pake kwa athari ya Doppler, yaani wimbi kurefuka chanzo kikiondoka na kufupika kikija. Kufikia mwaka 1979 hesabu zilikuwa zimekaa sawa: mikondo miwili inakwenda kwa kasi ya 0.26 ya kasi ya mwanga, yaani kilometa 78,000 kwa sekunde. Mhimili wa mikondo unachora koni yenye pembe ya nyuzi 20 kutoka katikati yake, na mzunguko mmoja wa koni unachukua siku 162. Katikati ya koni imeinama nyuzi 79 kutoka kwenye mstari wa macho yetu.

Hapo kuna jambo moja ambalo ningefurahi ulifundishe darasani. Katika kila mzunguko hufika siku ambapo mikondo yote miwili iko mkingamo kabisa, haiji kwetu wala haituondokei. Mwanafunzi aliyesoma Doppler ya kawaida atasema siku hiyo mistari lazima irudi mahali pake. Hairudi. Yote miwili inakaa upande wa nyekundu, kwa takriban asilimia 3.6 ya urefu wa wimbi. Hiyo ni saa ya gesi inayokwenda polepole kwa sababu ya mwendo wake, kama nadharia ya Einstein ya mwaka 1905 inavyotaka. Mpe mwanafunzi 0.26, akokotoe moja gawanya kwa kipeuo cha pili cha (1 − 0.26²). Atapata 1.036. Sijui nyota nyingine inayolionyesha jambo hili waziwazi hivi kwa hesabu ya mistari miwili ubaoni.

Spektra ilitupa mwendo, lakini haikutupa picha. Kwenye darubini ya kawaida SS 433 ni nukta tu. Vumbi la Njia Maziwa linaumeza mwanga wake hata hatufikiwi na fungu moja kati ya elfu. Isitoshe, gesi inayotoa mistari ile huzimika baada ya siku chache tu tangu irushwe, ingali karibu sana na nyota. Mawimbi ya redio yanapita kwenye vumbi bila shida. Yanatoka kwa elektroni zinazokimbia karibu na kasi ya mwanga huku zikizunguka ndani ya uga wa sumaku uliobebwa na mkondo, na elektroni hizo huendelea kung'aa kwa miezi mingi. Kwa hiyo mabonge ya gesi yaliyokwisha kufa machoni mwa darubini ya kioo bado yanaonekana kwenye redio.

Sasa swali lako la pili. Tufanye hesabu pamoja, maana hapa ndipo mtu anaamini.

Kwa mwaka mmoja bonge la gesi linakwenda 0.26 ya mwaka wa nuru. Ligawe kwa umbali wa 18,000. Unapata pembe ndogo mno, sawa na sekunde 3 za tao kwa mwaka, ambapo sekunde ya tao ni nyuzi moja iliyokatwa vipande 3,600. Kwa siku moja ni kama milisekunde 8, yaani sehemu 8 za elfu za sekunde ya tao. Kwa siku 162, yaani mzunguko mzima wa koni, bonge limesogea takriban sekunde 1.3 za tao. Huo ndio urefu wa pindi moja la msokoto angani. Ukitaka kuliona pindi, darubini yako lazima itenganishe vitu vilivyo karibu zaidi ya hapo. Ukitaka kuliona bonge moja likisogea kati ya leo na kesho, lazima itenganishe milisekunde.

Uwezo wa kutenganisha ni urefu wa wimbi gawanya kwa upana wa darubini. Kwa wimbi la sentimeta 6, dishi moja la meta 25 lina uwezo wa dakika 8 hivi za tao, yaani robo ya upana wa Mwezi mpevu. Halifai kitu hapo. Ndiyo maana antena huunganishwa. Ukiwa na antena mbili zilizoachana, wimbi kutoka angani huifikia moja mapema kidogo kuliko nyingine. Ukizilinganisha ishara zao unapata kipimo kimoja cha umbo la chanzo, chenye ukali wa darubini ambayo ingekuwa na upana wa nafasi iliyo kati yao. VLA, kule New Mexico, Marekani, ina antena 27 zilizopangwa kwenye reli zenye umbo la Y, na zikitawanywa kabisa zinafikia kilometa 36. Hizo ni jozi 351 kwa wakati mmoja. Kwa wimbi la sentimeta 6 uwezo wake ni kama theluthi moja ya sekunde ya tao. Pindi la sekunde 1.3 linaingia humo vizuri.

Robert Hjellming na Kenneth Johnston waliuchora msokoto huo kwa VLA mwaka 1981, mwaka mmoja tu baada ya darubini kuzinduliwa, na ukafuata pale pale ambapo hesabu ya spektra ilisema utakuwa. Nadhani ni moja ya siku nzuri kabisa za astronomia ya redio: njia mbili ambazo hazikutegemeana zikatoa jibu moja. Mwaka 2004 Katherine Blundell na Michael Bowler wa Oxford walitoa picha ya VLA yenye kina zaidi, ambayo ndiyo inayozunguka sana mitandaoni na huenda ndiyo mliyoiona.

Itazameni tena picha hiyo. Upande wa mashariki na upande wa magharibi haufanani. Pindi za upande mmoja zimenyooka zaidi, na za upande wa pili zimebanana. Wanafunzi watasema mkondo mmoja una nguvu kuliko mwingine. Sivyo, ni mwanga unaochelewa. Chukua mabonge mawili yaliyorushwa siku moja, moja likituelekea kwa pembe ya nyuzi 59 na la pili likitupa kisogo. Tuseme leo ni siku ya 100 tangu tuone kurushwa kwake. Bonge linalokuja linaukimbiza mwanga wake mwenyewe, kwa hiyo tunaliona likiwa na umri wa siku 115. Linalokwenda, mwanga wake una safari ndefu zaidi, nasi tunaliona lilivyokuwa likiwa na siku 88 tu. Yamerushwa pamoja kwa kasi ile ile, lakini kwenye picha moja limefika mbali kwa theluthi nzima kuliko mwenzake. Blundell na Bowler waliitumia tofauti hii kupata umbali: kasi halisi wanaijua, kuchelewa kwa mwanga wanakujua, basi kilichobaki ni kuuliza nyota iwe mbali kiasi gani ndipo msokoto uchorwe kwa ukubwa ule. Ndipo ikapatikana ile 18,000.

Mwanafunzi mwenye shaka anaweza kuuliza tunajuaje kwamba mabonge hayapindwi njiani kweli. Ni swali halali, kwa sababu kuna mikondo mingine angani ambayo hupindwa na gesi iliyo mbele yake. Dawa ni kulifuata bonge lenyewe. Kwa kazi hiyo hutumika VLBA, antena 10 za meta 25 kila moja zilizotawanywa kutoka Hawaii hadi St. Croix kwenye bahari ya Karibi, zaidi ya kilometa 8,000. Antena hizo hazina waya unaoziunganisha wakati wa kazi. Kila moja ina saa ya haidrojeni, inarekodi mawimbi pamoja na alama za muda, na rekodi zote hukutanishwa Socorro, New Mexico, kwenye kompyuta inayozilinganisha. Kwa wimbi la sentimeta 6 unapata milisekunde moja na nusu hivi. Bonge linalosogea milisekunde 8 kwa siku linaonekana limehama kati ya leo na kesho bila ubishi. Amy Mioduszewski, Michael Rupen na wenzao walifanya hivyo mwaka 2003, picha karibu kila siku kwa zaidi ya mwezi mzima, wakaziunganisha kuwa filamu. Mabonge yanatoka, kila moja kwenye mstari wake ulionyooka. Iliyopindika ni foleni yao.

Kuna jambo la jiografia hapa linalotuhusu. Darubini ya antena nyingi hujaza picha kwa kutegemea Dunia kuzunguka: kadiri saa zinavyokwenda, kila jozi inaangalia chanzo kwa pembe mpya. Lakini chanzo kilicho karibu na ikweta ya anga, na SS 433 iko nyuzi 5 tu kaskazini yake, hakiipi Dunia nafasi hiyo vizuri. Jozi zinasogea mashariki na magharibi tu, na mstari wa kaskazini-kusini unabaki na mapengo. Mikono ya Y ya VLA inasaidia kuyaziba. Kwa bahati njema mikondo ya SS 433 imelala karibu mashariki-magharibi, upande ule ule ambao ukali wa picha ni mkubwa. Ingekuwa imesimama, tungejua machache zaidi kwa miaka yote hii.

Kwa nini inayumba hasa? Kwa SS 433, maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba mhimili wa nyota kubwa au wa sahani haukulala sawa na mzunguko wa pacha. Mvuto wa mmoja unajaribu kumnyoosha mwenzake, na kitu kinachozunguka kikivutwa hivyo hakinyooki, mhimili wake huanza kuchora koni. Ndani ya ile koni ya siku 162 kuna mtikisiko mdogo zaidi wa siku 6.3, unaotokana na mvuto huo huo kuikuta sahani mara mbili katika kila mzunguko wa siku 13.

Hiyo ni kuyumba kwa miezi, ambako mtazamaji hana haraka. Ukichukua saa nane za kutazama, mkondo haujahama kitu. Mambo yanageuka kabisa pale kuyumba kunapokuwa kwa dakika.

Juni 2015 nyota pacha V404 Cygni, iliyo umbali wa takriban miaka 7,800 ya nuru, ilifumuka baada ya kutulia tangu mwaka 1989. Humo kuna shimo jeusi lenye masi kama 9 za Jua, linalozungukana na nyota ya kawaida kila siku 6.5. Timu ya James Miller-Jones wa Chuo Kikuu cha Curtin, Australia, iliielekezea VLBA. Tarehe 22 Juni walikuwa na saa nne za data, na walipotengeneza picha kwa njia ya kawaida walipata ukungu usiosomeka.

Sababu yake iko kwenye lile nililolisema juu ya Dunia kuzunguka. Njia ile ina sharti moja ambalo hatulitaji kila siku: chanzo kisibadilike wakati unajaza picha. Jozi za saa ya kwanza na jozi za saa ya nne zinapaswa kuwa zinaangalia kitu kimoja. V404 Cygni ilikuwa ikirusha mabonge mapya, kila moja upande wake, kabla hata nusu ya picha haijajaa. Wakafanya kinachoogopwa na kila mtu wa fani hii: wakazikata saa nne kuwa vipande vya sekunde 70 na kutengeneza picha 103, kila moja ikiwa na data chache mno. VLBA ina jozi 45 tu. Ukiiuliza picha ya sekunde 70 itakuchorea chochote unachotaka kukiona, usipokuwa mwangalifu. Kilichowasaidia ni kwamba umbo lilikuwa rahisi, mabonge machache tu, na bonge linaloonekana kwenye kipande kimoja lilipaswa kuonekana likiwa limesogea kidogo kwenye kipande kinachofuata.

Matokeo yao yalitoka kwenye jarida la Nature mwezi Aprili 2019. Mwelekeo wa mkondo ulibadilika kwa nyuzi zaidi ya 30 angani, na mabadiliko mengine yalitokea kati ya dakika na saa chache. Mvuto wa nyota jirani hauwezi kutikisa kitu upesi namna hiyo. Maelezo yao ni kwamba shimo jeusi linazunguka kwa mhimili ambao haukulingana na mzunguko wa pacha, huenda kwa sababu ya teke lililotokana na mlipuko uliolizaa, na linapozunguka linaburuta nafasi yenyewe iliyo karibu nalo. Josef Lense na Hans Thirring walilitabiri jambo hilo mwaka 1918. Hata Dunia yetu inaburuta nafasi, ila kidogo sana: chombo cha Gravity Probe B kilikipima kiasi hicho kikapata milisekunde 37 hivi za tao kwa mwaka mzima. Karibu na shimo jeusi uburutaji huo unatosha kuiyumbisha sehemu ya ndani ya sahani, ile iliyofura kwa joto na mionzi, na mkondo ukafuata.

Basi, Mwalimu, ukiniuliza ni nini kigumu katika kazi hii, umbali si jibu langu la kwanza. Antena zikiwa mbali vya kutosha, umbali unashindwa. Kigumu ni kujua kitu kinayumba kwa mwendo gani kabla hujakipima, kwa sababu mwendo huo ndio unaoamua utumie darubini ipi, ukusanye mawimbi kwa muda gani na urudi baada ya siku ngapi. Ukirudi kila baada ya siku 162 kwenye SS 433 utaikuta ile ile kila mara na kuapa kwamba haiyumbi. Ukikusanya kwa saa nne kwenye V404 Cygni utaona ukungu na kuapa kwamba haina mkondo unaoeleweka. Nimewaona vijana wazuri wakiandika maombi ya muda wa darubini bila kusema hata sentensi moja juu ya hili, na maombi yanarudishwa.

Upande wa pili kabisa kuna kuyumba kwa polepole kunakotafutwa kwa picha pana zenye kina, na hapa Afrika inaongoza. MeerKAT, kwenye jangwa la Karoo nchini Afrika Kusini, ina antena 64 za meta 13.5, zilizotawanywa kwa kilometa 8, zenye jozi 2,016. Uwezo wake wa kutenganisha, kwa wimbi la sentimeta 23, ni sekunde 6 hivi za tao, kwa hiyo pindi la SS 433 halilioni. Lakini kwa vitu hafifu vilivyotandaa ni hodari kupita kiasi. Kwa MeerKAT, timu ya Fraser Cowie wa Oxford ilitangaza Julai 2024 kwamba mikondo ya Circinus X-1 ina umbo la S. Circinus X-1 iko anga ya kusini, zaidi ya miaka 30,000 ya nuru, na kilicho ndani yake ni nyota ya nyutroni ambayo haijafikisha hata miaka 5,000 tangu mlipuko ulioizaa. Umbo la S ni alama ya mkondo uliokuwa ukigeuka huku ukirusha, na ulikuwa ushahidi wa kwanza wa kuyumba kwa mkondo wa nyota ambayo kwa hakika ni ya nyutroni. Waliona pia mahali mikondo inapoigonga gesi ya nje, na migongano hiyo inasogea kwa karibu asilimia 10 ya kasi ya mwanga. Jambo hili nalithamini sana, kwa sababu nyota ya nyutroni ina uso na ina uga wake wa sumaku, shimo jeusi halina uso. Kama zote mbili zinayumbisha mikondo, basi chanzo cha kuyumba hakiwezi kuwa sifa ya mashimo meusi peke yao.

Kwetu Afrika Mashariki pengo ni la antena. Tangu mwaka 2017 Ghana ina dishi la meta 32 huko Kuntunse lililokuwa la mawasiliano ya satelaiti, likageuzwa kuwa darubini ya redio. Kenya ni mmoja wa washirika wa Afrika Kusini katika mradi wa SKA, ule wa darubini kubwa ya redio ya kimataifa, na dishi lililo kwenye ikweta lingeziba nafasi kubwa iliyo kati ya antena za Ulaya na za Afrika Kusini, tena kwenye ule mstari wa kaskazini-kusini ambao SS 433 inauhitaji sana. Si kazi nyepesi. Tabaka la juu la hewa huku ikweta huchafuka baada ya jua kutua na kuyatikisa mawimbi marefu ya redio, kwa hiyo mtu angepanga kutazama kwa mawimbi mafupi, au usiku wa manane. Ila nafasi ile kwenye ramani haina mbadala.

Kwa darasa lako kuna zoezi ambalo halihitaji darubini, kompyuta moja yenye Excel inatosha. Sehemu ya kasi iliyo sambamba na katikati ya koni ni 0.26 × cos 20°, yaani 0.244. Sehemu iliyo wima kwake ni 0.26 × sin 20°, yaani 0.089, na hiyo ndiyo inayozunguka mara moja kila siku 162. Kwa kila siku ya kurusha, kuanzia jana hadi siku 500 nyuma, watafute mwelekeo wa siku hiyo, wainamishe koni nyuzi 79 kutoka kwenye mstari wa macho, wazidishe kasi kwa umri, waweke nukta. Kwanza wachore bila kujali kuchelewa kwa mwanga. Pande mbili zitafanana kama kitu na taswira yake. Kisha kila umri waugawe kwa (1 − sehemu ya kasi inayokuja kwetu), na kwa upande unaokwenda alama ya kutoa iwe ya kujumlisha. Wachore tena na waiweke karibu na picha ya VLA. Wasitarajie ilingane nukta kwa nukta, kwa sababu kasi ya mikondo hupanda na kushuka kidogo kuizunguka ile 0.26, pande zote mbili kwa pamoja.

Na usiku wa mwishoni mwa Agosti, saa tatu hivi, watoke nje waitafute Altair, nyota inayong'aa kuliko zote katika Aquila. Hapo Morogoro itakuwa juu sana, upande wa kaskazini. Nyuzi kumi hivi magharibi yake, ikipanda kidogo kuelekea utosini, ndipo SS 433 ilipo. Kwa macho hawataiona.

Nimalizie na hofu ya kutugeukia. Katikati ya koni iko nyuzi 79 kutoka kwetu, na koni ina nyuzi 20, kwa hiyo mkondo unapotusogelea kabisa bado uko nyuzi 59 pembeni. Mzunguko huo umefuatiliwa kwa zaidi ya miaka 40 na koni haijahama mahali pake. Kuna ushahidi wa muda mrefu zaidi. SS 433 imekaa ndani ya W50, wingu la mabaki ambalo wanaastronomia wa Marekani walilibandika jina la Nguva mwaka 2013, lenye urefu wa zaidi ya miaka 600 ya nuru. Wingu hilo lina masikio mawili yaliyosukumwa nje na mikondo, na masikio hayo yamelala mashariki-magharibi, kwenye mstari ule ule wa katikati ya koni ya leo. Mkondo ungekuwa umeyumba hadi kutuelekea wakati wowote katika maelfu ya miaka ambayo masikio yale yalikuwa yakijengwa, yasingekuwa na umbo hilo.